Kibuyu Kilichosalia Motoni: Kusoma Upya Ripoti ya Pango la Njoro

Mwanzoni mwa mwaka 2026 Njoro ilivuliwa taji ambalo wengi wetu hata hatukujua inalivaa. Jarida la Science Advances lilichapisha utafiti kutoka Mlima Hora, kaskazini mwa Malawi, kuhusu mwanamke mmoja, mtu mzima wa kimo cha kama mita moja na nusu, aliyechomwa juu ya lundo la kuni yapata miaka 9,500 iliyopita. Sasa yeye ndiye ushahidi wa zamani zaidi barani Afrika wa mwili wa marehemu kuchomwa kwa makusudi. Kabla yake, ukiwauliza wanaakiolojia wakupe mfano wa zamani usio na ubishi, walikuwa wanakuelekeza huku kwetu, kwa wafugaji wa Bonde la Ufa walioishi miaka 3,000 na ushei iliyopita, na hasa kwenye pango moja ukingoni mwa Mto Njoro, si mbali na kilipo leo Chuo Kikuu cha Egerton.

Vichwa vya habari vilikimbilia neno "kongwe zaidi", ni kama wafu wako kwenye mbio za nyika na mmoja amevunja rekodi ya mwenzake. Mimi habari hiyo ilinirudisha kwa kitabu. Kinaitwa Excavations at the Njoro River Cave, kimeandikwa na Mary Leakey na mumewe Louis, na Clarendon Press ya Oxford ilikichapisha mwaka 1950. Chini ya jina kubwa kuna jina dogo, linalotueleza kwamba humo mna maziko ya watu wa Zama za Mawe waliochomwa, katika "Koloni la Kenya". Si kitabu utakachokutana nacho kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa Tom Mboya Street. Hata hivyo ni mojawapo ya vitabu vya awali vilivyoeleza, kwa ushahidi wa kushikika, jinsi watu wa nchi hii walivyowaaga wafu wao. Kinastahili kusomwa jinsi tunavyosoma riwaya au diwani: tukiuliza kinaona nini, kinafumbia macho nini, na kwa nini.

Hukumu yangu naitoa mapema ili tusizungushane. Macho ya kitabu hiki ni makali sana kwa vitu na ni hafifu kwa watu. Na sisi tunaobishana leo kuhusu kuchoma maiti tuna ugonjwa wa upande wa pili: tunaongea kuhusu watu na mila usiku kucha bila kutazama kitu hata kimoja.

Tuanze na vitu basi, maana hapo ndipo kitabu kinang'ara.

Mwaka ni 1938. Mary Leakey ametoka kuchimbua Hyrax Hill, kilima kilicho karibu na mji wa Nakuru, na sasa yeye na Louis wako Njoro, kwenye shamba la mlowezi Nellie Grant, mamake mwandishi Elspeth Huxley. Pangoni mnatoka mifupa iliyoungua, vipande kwa vipande, ambayo ikihesabiwa inakuwa ya watu karibu 80, wanaume kwa wanawake. Katikati ya mifupa kuna mabakuli ya mawe, michi ya mawe, mawe ya kusagia, vyungu, na visu vidogo vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa. Kuna shanga kwa mamia: za akiki na mawe mengine magumu, za mfupa, za mbegu.

Hebu kaa na hizo shanga kidogo. Akiki ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na watu hawa chuma hawakuwa nacho. Kutoboa tundu kwenye ushanga mmoja ni kazi ya kuzungusha kijiti au ncha ya jiwe, pengine kwa mchanga na maji, mpaka vidole vife ganzi. Halafu unatoboa mwingine. Ukishamaliza mkufu mzima, anakufa mtu unayempenda, na ule mkufu unaenda naye motoni. Kitabu hakisemi maneno hayo. Kinapanga shanga kwa aina na kwa umbo, kinaeleza zilivyotobolewa, kinasonga mbele. Lakini ule upangaji wenyewe, kwa subira yake, unakupa nafasi ya kuhisi uzito wa kazi bila kuambiwa uhisi nini. Kuna waandishi wetu wa hadithi ambao wangejifunza kitu hapo.

Kisha kuna vile ambavyo havikupaswa kuwepo kabisa. Kamba. Ususi. Chombo cha mti kilichochongwa nakshi. Vipande vya kibuyu. Kwa kawaida vitu hivi, vikikaa ardhini kwetu, miaka michache tu vimeoza. Vya Njoro vimedumu miaka elfu tatu kwa sababu moja: viliungua. Moto ukikosa hewa ya kutosha hauli kitu kikaisha, unakigeuza makaa, na makaa hayana chakula cha kuwapa wadudu na vijidudu wa udongoni. Kwa hiyo moto uleule uliovunja sura za watu hawa ndio uliotuhifadhia vikorokoro vyao. Kama wangezikwa kwenye udongo mtupu tungebaki na mawe na mifupa tu, tukadhani walikuwa watu wa mawe. Kibuyu kinatuambia kulikuwa na kitu cha kuwekwa ndani, na kwa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo huhitaji kubahatisha sana. Kamba inatuambia kuna mtu alikaa chini akaisokota.

Lakini ukurasa ambao ningeuweka ukutani ni ule wa hesabu. Idadi ya mabakuli ya mawe inakaribia sana idadi ya wafu. Ndivyo ilivyo kwa michi pia. Kutoka hapo akina Leakey wanafikia uamuzi kwamba kila mtu alipewa chake: bakuli lake, mchi wake, jiwe lake la kusagia. Wanawake walipewa, wanaume walipewa. Bakuli la aina hiyo halinunuliwi dukani, bana. Unachukua jiwe la volkano na kuligongagonga kwa jiwe jingine, siku baada ya siku, mpaka lipate shimo. Jamii iliyoamua kwamba hakuna mtu wake atakayeondoka bila bakuli ni jamii iliyokuwa na sheria kuhusu wafu, na sheria hiyo imeandikwa kwa hesabu tu, bila herufi.

Na hesabu yenyewe si rahisi. Mwili ukiungua, mifupa inapinda, inapasuka, inasinyaa. Rangi yake inakuwa kama kipimo cha joto: kwanza kahawia, kisha nyeusi, kijivu, na joto likipanda sana inakuwa nyeupe kama chokaa. Mchunguzi hana fuvu zima wala mguu mzima mkononi. Anachofanya ni kutafuta kipande cha mfupa ambacho kila binadamu anacho kimoja, au kimoja kila upande, na kuhesabu vipande hivyo. Ukipata vipande 10 vya mfupa wa sikio la kulia, umepata watu wasiopungua 10. Ni kazi ya kuchosha macho, na kuifanya mpaka ukakaribia watu 80 ni aina fulani ya heshima, hata kama aliyeifanya hakuiita hivyo.

Hizo ndizo sifa, na sijazipunguza. Sasa tuje upande wa pili.

Tuanze na yale maneno mawili ya jalada, "Koloni la Kenya". Unaweza kusema ni jina la nchi la wakati huo tu, kwani wangeandika nini? Sawa. Lakini jina hilo linaeleza pia mahali msimulizi alikosimama. Shamba ambamo pango limo lilikuwa kwenye zile zilizoitwa nyanda za Wazungu. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa la kati ili walowezi wapate nafasi. Yaani wafugaji waliokuwa hai waliondolewa kwenye hii ardhi, halafu miaka 34 baadaye wafugaji waliokufa zamani wakafukuliwa humo humo na kusifiwa kwa ustaarabu wa shanga zao. Sisemi kwamba watu wa pangoni walikuwa Wamaasai. Hawakuwa, maana Wamaasai walifika bonde hilo baadaye sana. Ninachosema ni kwamba ripoti inaeleza tabaka za udongo mpaka unazishika kwa mkono, ila tabaka la juu kabisa, lile ambalo wachimbaji walikuwa wamelikanyaga kwa viatu vyao, halina maelezo.

La pili ni mafuvu. Mwaka 1935 Louis Leakey alichapisha kitabu kuhusu kile alichokiita jamii za watu wa Zama za Mawe za Kenya, na humo mafuvu yalipimwa kwa upana na urefu ili mwenyewe apangwe kwenye rangi. Mafuvu kadhaa ya Bonde la Ufa yaliamuliwa kwamba hayakuwa ya watu weusi. Hiyo ilikuwa fikra iliyotamba enzi hizo: ukikuta kitu kizuri Afrika, mtafute mgeni aliyekileta. Ni vigumu kusoma kuhusu mifupa ya Njoro bila kusikia mwangwi wa kitabu hicho cha 1935. Mtu aliyepewa bakuli na wenzake ili aende nalo anageuka kuwa swali la pua na taya.

Sayansi imeshajibu hilo kwa njia ambayo vipimo vya fuvu visingeweza. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania. Wafugaji wa kwanza wa huku walikuwa mchanganyiko: damu kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika, damu inayohusiana na watu wa Sudan, na damu ya wawindaji waliokuwa tayari hapa. Mchanganyiko juu ya mchanganyiko, na waliokuja baadaye wakachanganyika tena. Vile visanduku vya rangi vya 1935 havina pa kuwaweka.

Na kuna jambo moja kwenye utafiti huo ambalo naliona ni zito kuliko yote, ingawa halikupigiwa kelele. Wanaakiolojia huwagawa wafugaji hao wa kale katika makundi mawili makuu. Kuna wale wa savana, ambao mara nyingi waliwazika wafu wao chini ya malundo ya mawe bila kuwachoma. Na kuna wa utamaduni wa Elmenteita, wakiwemo wa Njoro, waliokuwa na vyungu vyao, waliotoa obsidiani yao kwenye Mlima Eburru, na walioweka wafu wao kwenye mapango, Njoro wakiwachoma. Waliishi wakati mmoja, nchi moja, wote na mifugo. Vinasaba vilipopimwa, tofauti kati ya makundi haya mawili haikuonekana. Walikuwa watu wa asili moja. Kilichowatenganisha ni namna ya kufinyanga, namna ya kuchonga jiwe, na namna ya kulia. Mila yao haikuwa ndani ya damu. Waliichagua, wakaifundisha watoto, wakaitunza.

Kasoro ya tatu ni ya mikono. Jalada lina majina mawili. Akiolojia ya zama hizo iliendeshwa kwa mikono ya Waafrika walioshika jembe, brashi na chekeche, na ambao majalada ya vitabu hayakuwa na nafasi yao. Ilichukua miongo mpaka tuanze kulijua jina la mtu kama Kamoya Kimeu, aliyegundua mabaki ya kijana wa Turkana mwaka 1984, na hata huyo tulimjua kwa sababu alichokigundua kiliitikisa dunia. Fikiria sasa kijana aliyeajiriwa Njoro 1938. Huenda kwao maiti ni mwiko kuguswa, huenda kuna tambiko la kujisafisha baada yake. Anapewa chekeche na anaambiwa achuje majivu ya watu. Alirudi nyumbani jioni akasema nini? Hapo kuna hadithi fupi ambayo mtu wa rika letu angepaswa kuwa ameshaiandika.

Kasoro ya nne inafunika hizo nyingine zote. Pango la Njoro ni mahali pa msiba. Watu walirudi pale tena na tena, na kila mara walikuwa wamefiwa. Ripoti inalisoma pango kama ghala. Inataka kujua kilichomo, hali yake, aina yake, umri wake. Hata umri ilibidi ukisiwe, maana njia ya kupima kaboni ilikuwa imetangazwa mwaka mmoja tu kabla kitabu hakijatoka. Ni vipimo vya baadaye vilivyoweka maziko hayo kwenye miaka 3,000 hadi 3,400 hivi iliyopita. Lakini maswali ya msiba hayakuhitaji maabara. Nani aliwasha? Nani alikaa kulinda moto usizimike? Nani aliruhusiwa kukaribia na nani aliambiwa akae mbali na watoto?

Hapa ndipo utafiti wa Mlima Hora unaonyesha jinsi fani hii imekomaa. Usome kama andiko, uache mbio za rekodi, na utaona maswali yamebadilika. Timu ile ilikadiria kuni: si chini ya kilo 30 za miti mikavu na nyasi. Ilikadiria joto: zaidi ya nyuzi 500. Iligundua kwamba moto ulichochewa na kuongezewa, haukuachwa ujifie. Iligundua alama za kukatwa kwenye baadhi ya mifupa, na kwamba hakuna hata jino wala kipande cha fuvu, kwa hiyo huenda kichwa kilitolewa kabla ya mwili kuchomwa. Na iligundua kwamba baada ya moto ule, watu waliendelea kurudi na kuwasha moto mwingine palepale, ingawa hakuna mwingine aliyechomwa. Hao walikuwa wawindaji na waokotaji, watu ambao vitabu vya zamani vilituambia wanahamahama tu bila kumbukumbu ya mahali.

Kilo 30 za kuni. Mtu yeyote aliyewahi kuona mama akishuka mlimani na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa imemkata paji la uso, anajua hiyo namba ni nini. Si kazi ya mtu mmoja aliye na huzuni. Inahitaji watu wakubaliane, wagawane, waache shughuli nyingine za siku. Utafiti wa Hora unamwona marehemu kupitia kazi ya waliobaki. Njoro ilikuwa na ushahidi wa kazi kama hiyo mara themanini, na kitabu chake kikauorodhesha bila kuuliza.

Nisiwapendelee wa Hora pia. Makala ya kisayansi ya leo, kwa maarifa yake yote, haituambii mengi kuhusu wanaoishi chini ya mlima huo sasa na wanavyohisi kuhusu mwanamke huyo. Katika jambo hilo mfano wa kujifunza uko Australia. Mwaka 1968, kwenye Ziwa Mungo lililokauka, mwanajiolojia Jim Bowler aliona mifupa iliyoungua ya mwanamke aliyeishi kama miaka 40,000 iliyopita. Mwili wake ulichomwa, mifupa ikapondwa, kisha ikachomwa tena. Alipelekwa chuo kikuu, akawa sampuli. Wenyeji wa asili wa eneo lile walidai arudishwe, na mwaka 1992 akarudishwa kwa wazee wa Paakantyi, Mutthi Mutthi na Ngiyampaa. Sayansi haikufa kwa sababu hiyo. Ilichojifunza ni kwamba "imepatikana" si neno la mwisho kuhusu mtu.

Sasa turudi Nairobi, maana najua swali ambalo wengine wenu mmelishika tangu aya ya kwanza.

Kila akichomwa mtu mashuhuri Kenya, mitandao huwaka kabla ya tanuri. Wangari Maathai, Oktoba 2011, pale Kariokor, kwenye jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kenneth Matiba, 2018. Bob Collymore na Ken Okoth, 2019. Na kila mara sentensi inarudi ileile: ati kuchoma maiti si Uafrika. Ni mambo ya Wahindi, ni mambo ya Wazungu, ni mambo ya matajiri wanaokwepa gharama za matanga.

Kama historia, sentensi hiyo imekufa, na imekufa tangu 1938. Zaidi ya miaka 2,000 kabla ya meli ya kwanza ya Mzungu kutia nanga Mombasa, watu wa Bonde la Ufa walikuwa wanawachoma wapendwa wao kwa utaratibu, kwa bakuli na kwa shanga. Miaka 9,500 iliyopita, watu wa Malawi walikuwa wanabeba kuni. Anayetaka kusema "si Uafrika" itabidi kwanza aeleze hao walikuwa kina nani.

Lakini nawaomba ndugu zangu wa upande wangu, tunaotetea haki ya mtu kuchagua moto, tusifurahie haraka. Tukichukua mifupa ya Njoro na kuitumia kama fimbo ya kuwachapa shangazi kwenye kikao cha familia, tutakuwa tumefanya kile alichofanya Louis na mafuvu: kuwaita wafu mashahidi wa kesi ambayo si yao. Watu wa Njoro hawakuacha ruhusa wala katazo. Waliacha mfano wa kundi moja lililoamua jambo lake, huku ndugu zao wa damu kule savana wakiamua jingine. Wakati mmoja wengine wanakusanya mawe, wengine kuni. Ukitoa funzo lolote hapo, ni kwamba mila hutengenezwa na watu wanaojali, na kwa hiyo inaweza kujadiliwa na watu wanaojali. Shangazi anayekataa kaka yake asichomwe ana hoja ya kusikilizwa: anataka kaburi la kwenda kupalilia, anataka watoto waonyeshwe mahali. Hiyo ni hoja kuhusu mapenzi na kumbukumbu. Tuijadili kama hiyo, tusiivike joho la "Uafrika" ambalo halikushonwa kwa kipimo chake.

Tunacho kitabu kinachoonyesha jinsi ya kusikiliza hoja za namna hiyo. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo walichapisha Burying SM mwaka 1992, kuhusu wakili S. M. Otieno, ambaye mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walipigania mwili wake mahakamani kwa miezi kadhaa, hadi alipozikwa Nyalgunga Mei 1987. Kitabu hicho hakina bakuli wala ushanga. Kina sauti: za wakili, za wazee, za mchimba kaburi, za magazeti, za watu wa mtaani. Kinatuonyesha kwamba maiti moja inaweza kubeba mabishano yote ya nchi, kuhusu ndoa, kabila, ardhi, na nani ana haki ya kusema "sisi". Kiweke kwenye rafu kando ya kitabu cha Njoro na utaona kila kimoja kinalilia kile mwenzake alicho nacho. Kimoja kina vitu themanini themanini na hakuna mtu anayeongea. Kingine kila mtu anaongea na marehemu mwenyewe ndiye pekee aliyenyamaza.

Je, kitabu cha 1950 bado kinafaa kusomwa? Kinafaa, na si kwa kuwa kilitangulia. Kinafaa kwa sababu waandishi wake walikataa kudharau kitu kidogo. Kipande cha kamba iliyoungua kingeweza kutupwa pamoja na majivu. Kiliokotwa, kikachunguzwa, kikachapishwa. Bila uangalifu huo mimi nisingekuwa na la kusema hapa, na hoja zangu zote dhidi ya kitabu zimejengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na kitabu hichohicho. Kosa lake ni kudhani kwamba akishaorodhesha matofali, nyumba imeelezwa.

Kazi iliyobaki ni ya kizazi hiki, na haihitaji kibali cha kuchimba. Egerton iko pale pale mtoni. Ilianza kama shule ya kilimo ya walowezi mwaka 1939, mwaka mmoja tu baada ya pango kufunguliwa, na leo imejaa wanafunzi wanaoweza kwenda mtoni kwa miguu. Kati yao kuna anayesoma historia, kuna anayesoma fasihi, na kuna mmoja ambaye nyanya yake bado anajua kusafisha kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto, ule ufundi wa kutumia ukaa kuzuia kitu kisiharibike. Wakae pamoja. Waandike kitabu cha pili cha Njoro, kwa Kiswahili, chenye shanga zote za akina Leakey na sauti zote za akina Cohen na Atieno Odhiambo. Ningependa kisianze na fuvu wala na tarehe. Kianze na kuni: zilikatwa wapi, zilibebwa na nani, na nani aliyesema zimetosha.